"Malaria Imepanda Kichwani": Jina Linalofunga Faili

Najua nimepotea. Wapo walioniandikia wakidhani nimeoa kimya kimya, na yupo mmoja aliyedhani nimepata kazi ya uofisa habari serikalini ndiyo maana nimeacha kelele. Hapana. Nilikuwa wodini. Si mimi niliyelazwa, ni mpwa wangu, na leo nataka niseme yaliyonikaa kooni tangu siku zile. Atakayechukia na achukie.

Dada yangu anaishi Tabata. Binti yake ana miaka mitano, mtoto mwenye maneno kuliko mimi ninayelipwa kwa maneno. Masika yaliyopita, siku ya Jumatatu, alirudi shule ana homa. Jumanne akatapika na kulia kichwa. Dada akaenda duka la dawa muhimu, akaeleza dalili, akapewa dawa ya mseto na Panadol. Hakuna aliyemtoboa mtoto kidole. Jumatano usiku mwili ukakakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka.

Jirani mmoja, mama mtu mzima na mwenye roho nzuri, akasema hiyo ni degedege, asipelekwe hospitali maana akichomwa sindano atakufa. Shemeji hakumsikiliza. Akakodi bajaji, wakaenda hospitali ya karibu. Nami nikapigiwa simu saa saba za usiku nikawafuata.

Pale hospitali alipimwa malaria kwa kipimo cha haraka. Hakuna. Wakapima tena kwa darubini. Hakuna. Nikashusha pumzi, nikidhani sasa wataanza kutafuta kitu kingine. Wapi! Mhudumu akatuambia, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba wadudu huwa wanajificha, na kwa dalili zile "malaria imepanda kichwani." Mtoto akawekewa dripu, akaanza sindano za malaria. Kwenye faili ikaandikwa malaria kali. Nasi wote, na digrii zetu, tukatikisa vichwa kukubali. Hata mimi. Nilijisikia nafuu kabisa kwamba ugonjwa umepata jina.

Siku mbili zikapita. Shingo ikawa ngumu, mwanga unamuumiza, anaita majina ya watu ambao hawapo. Tukamhamisha. Hospitali ya pili tukampata daktari kijana, dada wa umri wangu. Akaishika ile shingo, akajaribu kuiinamisha taratibu, mtoto akapiga ukelele. Hakuuliza habari za malaria. Akasema: "Huyu lazima tumtoe maji ya uti wa mgongo. Sasa hivi."

Hapo ndipo vita vilipoanza, tena vya ndani ya familia. Mama mkwe wa dada akasema hakubali. Kwao kuna mtoto alitolewa maji hayo akafa. Ni kweli alikufa. Lakini watoto wengi wanaofikishwa kwenye sindano hiyo wanakuwa wamecheleweshwa mno, na lawama inaiangukia sindano, haiwaangukii wale waliomchelewesha. Nilimbembeleza: "Mama, tafadhali, kila dakika ina maana." Tulipoteza saa nne. Daktari hakusubiri mzozo wetu uishe, alianza dawa za kuua bakteria palepale, maana alisema ikiwa ni bakteria hatutapata nafasi ya pili.

Mwishowe bibi akaridhia. Maji yakatoka meupe, safi kama ya kunywa. Majibu ya maabara: chembe za kinga zimeongezeka, sukari iko sawa, bakteria hawaonekani. Daktari akatueleza kwamba utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo umevimba, na kwa picha ile kinachoelekea zaidi ni virusi.

Mimi ni mwandishi, nikauliza swali la kazi yangu. "Virusi gani, dokta?"

Akanitazama. "Kaka, nikikutajia jina nitakuwa nakudanganya. Kuna virusi vinavyoenezwa kwa uchafu, kuna vinavyoletwa na mbu. Masika hii ningependa sana kujua ni vipi. Lakini sina pa kupeleka hii sampuli ikarudi na jibu kabla mtoto hajatoka."

Mtoto alitoka baada ya siku kumi na moja. Yu hai, Mungu ashukuriwe. Anatembea, anacheka. Lakini maneno yamepungua, na mwalimu wake anasema anasahau majina ya wenzake aliokaa nao dawati moja. Na kwenye rejista ya ile hospitali ya kwanza, mpwa wangu hadi leo ni mgonjwa wa malaria.

Sasa tuongee.

Msinielewe vibaya. Malaria ipo na inaua. Tanzania bado imo katika kundi la nchi chache zinazobeba sehemu kubwa ya vifo vya malaria duniani, na malaria ya ubongo ni ugonjwa wa kweli. Mtoto mwenye homa apimwe malaria leo, asisubiri kesho, na akikutwa nayo atibiwe. Ugomvi wangu ni na jina la malaria linapobandikwa kwa mtoto ambaye kipimo kimesema hana. Mimi nasema "malaria imepanda kichwani" ndiyo degedege ya wasomi. Yule jirani wa dada yangu alisema degedege, akamaanisha: usiulize zaidi, tunajua. Hospitali ikasema malaria imepanda, ikamaanisha hivyohivyo. Tofauti ni koti jeupe tu.

Mnadhani natia chumvi? Haya, tazameni wenyewe. Mwaka 2004 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanyika kaskazini mashariki mwa nchi yetu kwa wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa wakitibiwa malaria kali. Damu ilipopimwa upya kwa umakini, chini ya nusu yao ndio waliokuwa na vimelea vya malaria. Utafiti mwingine ulifanyika Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008, kwa watoto na watu wazima 870 waliolazwa na homa. Wagonjwa 528 waliambiwa wana malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Kumi na wanne! Hebu nitajieni kazi nyingine ambayo mtu anakosea kiasi hicho na kesho anarudi mezani kwake.

Na katika wagonjwa wale wa Moshi, 700 walipimwa pia chikungunya. Waliokutwa nayo ni 55, karibu wanane katika kila mia. Chikungunya ni virusi vinavyoletwa na mbu. Waliokuwa na chikungunya walikuwa karibu mara nne ya wale waliokuwa na malaria, na mitaani nani alikuwa anaitaja chikungunya?

Nitende haki hapa. Utafiti mwingine wa mwaka 2008, wa watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara, ulikuta malaria kwa karibu mtoto mmoja tu katika kumi, na wengi kabisa walikuwa na virusi, hasa vya mafua na kifua. Kwa hiyo sisemi kila homa ni ya virusi vya mbu. Hata homa ya uti wa mgongo inayotokana na virusi, mara nyingi husababishwa na virusi vya tumboni vinavyoenezwa kwa mikono michafu. Mpwa wangu huenda alikuwa na hivyo. Huenda! Hilo neno ndilo linaloniudhi. Mtoto analala siku kumi na moja, ubongo wake unaguswa, na nchi nzima inabaki na "huenda".

Turudi kwenye mbu, maana hapa ndipo aibu yetu ilipo. Hebu tazameni majina ya magonjwa haya. Chikungunya ni neno la Kimakonde, linatokana na kujikunja, kwa jinsi viungo vinavyomkunja mgonjwa. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani katika uwanda wa Makonde, pande za Newala, mwaka 1952. Kabla ya hapo, mwaka 1872, daktari James Christie aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar aliandika kuhusu homa iliyopita kisiwani, ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo. Wako wataalamu wanaoamini kwamba neno dengue limetokana na hapo, na wengine wanadhani homa ile yenyewe ilikuwa chikungunya. Virusi vya Nili Magharibi vilipatikana mwaka 1937 katika damu ya mwanamke wa wilaya ya West Nile, Uganda. Zika ni msitu karibu na Entebbe, virusi vyake vikapatikana mwaka 1947. Homa ya Bonde la Ufa inajieleza yenyewe, Kenya, miaka ya 1930.

Yaani majina mengi ya virusi vya mbu duniani yanatoka kwa babu na bibi zetu! Sisi tumetoa majina, tumetoa damu, tumetoa wagonjwa. Vipimo wanavyo wengine.

Na virusi hivi si vya kuumiza viungo tu. Vya Nili Magharibi vinaingia kwenye ubongo na utando wake. Chikungunya hali kadhalika, hasa kwa watoto wachanga. Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu, na uchunguzi uliofanyika baadaye ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi wa kisiwa waliambukizwa. Ikaenda Mombasa, ikavuka hadi Komoro mwaka 2005, ikafika kisiwa cha Réunion ambacho kiko chini ya Ufaransa. Kule Réunion, theluthi ya watu wote wa kisiwa waliugua. Lakini kwa kuwa madaktari wa Réunion walikuwa na vipimo, waliona kitu ambacho huku hakikuandikwa: watoto wanaozaliwa na mama aliye na virusi siku ya kujifungua, karibu nusu yao wakiambukizwa, na baadhi wakipata uvimbe wa ubongo. Baadaye watafiti wa Kilifi, pwani hiyohiyo ya Kenya, walipima sampuli za watoto waliolazwa na dalili za ubongo na mishipa ya fahamu kati ya mwaka 2014 na 2018, wakaikuta chikungunya imo. Kutoka Kilifi hadi Tanga ni safari ya siku moja kwa basi. Nani anaamini kwamba mbu wanasimama Horohoro kugonga pasipoti?

Kuna moja bado. Mwaka 2010 msafiri aliyetoka Tanzania aliugua akiwa Japan. Wajapani wakampima, wakakuta dengue. Yaani tuliletewa habari ya mbu wetu kutoka Japan! Miaka minne baadaye, mwaka 2014, dengue iliipiga Dar es Salaam sote tukiona. Mwaka 2019 ikarudi na wagonjwa zaidi ya 6,000 waliothibitishwa. Na hao ni wale waliofika penye kipimo.

Sasa tuwatazame wenzetu. Sipendi sana tabia ya kutolea mfano Wazungu kwa kila kitu, lakini huu una faida, kwa sababu nao walianza kwa kukosea. Agosti mwaka 1999 daktari mmoja wa hospitali ya Queens, New York, Deborah Asnis, alipata wagonjwa wawili wenye uvimbe wa ubongo na udhaifu wa misuli usio wa kawaida. Wawili tu. Hakusema wadudu wamejificha. Alipiga simu idara ya afya ya jiji. Wakaja, wakapima, wakatoa jina: homa ya ubongo ya Saint Louis, ambayo nayo inaletwa na mbu. Jina likatangazwa, madege yakaanza kunyunyiza dawa. Kwetu faili lingefungwa hapo.

Lakini kulikuwa na daktari wa wanyama katika bustani ya wanyama ya Bronx, Tracey McNamara. Kunguru wa jiji walikuwa wanakufa, na ndege wake bustanini wanakufa. Akasema hapana, ugonjwa wa Saint Louis hauui ndege namna hii, mmekosea jina. Walimpuuza mwanzoni. Akang'ang'ana, akapeleka sampuli kwingine. Jibu likatoka: virusi vya Nili Magharibi, vile vya yule mama wa Uganda wa mwaka 1937, ambavyo havijawahi kuonekana katika bara lile. Mwaka ule waliougua vibaya walikuwa 62, waliokufa 7. Kwa watu hao 62 Marekani ilijenga mfumo wa kufuatilia virusi vya mbu nchi nzima, na kuanzia mwaka 2003 damu ya kuchangia inapimwa virusi hivyo.

Tena wana kisa cha zamani zaidi kinachohusu watoto hasa. Mwaka 1960 mtoto wa miaka minne alikufa kwa ugonjwa wa ubongo katika mji wa La Crosse, Wisconsin. Hawakujua kilichomuua. Lakini walihifadhi kipande cha ubongo wake. Mwaka 1964, miaka minne baada ya mazishi, wakatoa humo virusi vipya vinavyoenezwa na mbu wa kwenye mashimo ya miti. Leo vinajulikana kwa jina la mji ule, na wanajua kwamba vinaumiza zaidi watoto wa chini ya miaka 16. Mtoto yule hakuokolewa. Waliookolewa ni waliokuja baada yake, kwa sababu kuna mtu aliona aibu kuandika jina asilolijua, akahifadhi sampuli akasubiri. Hiyo ndiyo heshima ninayoidai kwa watoto wetu.

Nawasikia mnaouliza: "Hata ukijua ni virusi, dawa yake hakuna, sasa kujua kuna faida gani?" Swali hili nimeulizwa hata na rafiki yangu anayesomea udaktari. Nalijibu.

Kwanza, si kweli kwamba hakuna dawa kabisa. Virusi vya malengelenge vinapoingia kwenye ubongo vina dawa, na ikichelewa mtoto anaharibika. Bakteria wana dawa, na wao wanaua kwa saa, si kwa siku. Usipotoa maji huwezi kuwatenganisha hawa. Pili, mwenye dengue akipewa aspirini au dawa kali za maumivu anaweza kutokwa damu, kwa hiyo kujua kunazuia mkono wa muuza dawa. Tatu, mtoto aliyevimba ubongo anahitaji kufuatiliwa baada ya kutoka, masikio yake, kumbukumbu yake, kifafa. Aliyeandikiwa malaria anaambiwa amepona, kwaheri.

Nne, na hili ndilo kubwa, chanjo na kinga vinaenda pale penye hesabu. Homa ya ubongo ya Japani, nayo ya mbu, ilikuwa inaua na kulemaza watoto wa Asia kila mwaka. Mwaka 2005 ililipuka Uttar Pradesh, India, wakafa zaidi ya watu 1,000, wengi wao watoto. Walihesabiwa, wakapigiwa kelele magazetini, na mwaka 2006 India ikaanza kampeni ya chanjo. Sasa ugonjwa ambao kwenye takwimu haupo, nani atauletea chanjo? Waziri gani atauombea fedha bungeni? Utasimama useme nini, "kuna kitu kinaumiza watoto ila tumekiandika malaria"?

Na tano, mbu wenyewe ni tofauti. Mbu wa malaria anauma usiku, ndiyo maana tukafundishwa vyandarua, na ni vizuri. Lakini anayebeba dengue na chikungunya ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana kweupe, mtoto akiwa shuleni au anacheza uani. Chandarua kimekunjwa! Na hazalii kwenye matope. Anapenda maji masafi: ndoo, pipa, tairi, kifuu, sahani ya maua, simtanki lisilofunikwa.

Hapa nilisoma kitu kikanikaa. Watafiti waliofika uwanda wa Makonde miaka ya 1950 walieleza kwamba kule juu maji ni ya shida, kwa hiyo watu walikuwa wanayahifadhi kwenye vyombo ndani ya nyumba, na mbu walikuwa wanazaliana humohumo. Sasa njoo Tabata, njoo Kimara, njoo Mbagala. Maji yanatoka mara mbili kwa wiki, kila nyumba ina ndoo kumi na pipa mbili. Ni ule mtungi wa Newala wa mwaka 1952, umebadilika tu kuwa wa plastiki. Kwa hiyo ukimwambia mama wa Tabata amwage maji yake, mpe kwanza bomba linalotoa maji. Mgawo wa maji ni habari ya ubongo wa watoto, si ya usumbufu wa kufua tu.

Sasa nimgeukie nani? Nianze na mimi mwenyewe. Miaka miwili iliyopita niliandika habari fupi ya mtoto aliyefariki wilaya moja ya Pwani. Nilipiga simu moja, nikaambiwa malaria, nikaandika malaria. Sikuuliza alipimwa au hakupimwa, sikuuliza kipimo kilisema nini. Mhariri hakuuliza, msomaji hakuuliza. Tungeandika gari limepinduka bila kusema liligonga nini, mngetucheka. Lakini kifo cha mtoto kinapita na neno moja la kwenye simu. Magazeti yetu yana nafasi ya picha ya mgeni rasmi akikabidhi vyandarua, tena kurasa mbili. Nafasi ya kuuliza "kilichomuua ni nini" hatuna. Naomba radhi kwa familia ile, hata kama hawatasoma hapa.

Nanyi wasomaji wangu wa mjini, wenye bima na kompyuta ofisini, msijifiche nyuma ya mganga wa degedege. Ni ninyi mnaokwenda hospitali binafsi, mnaambiwa malaria haipo, mnanuna. Mnasema "dokta, mimi mwili wangu naujua." Mnataka dripu, mnataka sindano, mkinyimwa mnahamia kwa jirani yake anayetoa. Daktari wa namna ile mmemtengeneza ninyi.

Kwa wenye mamlaka nasema hivi. Tangu vipimo vya haraka vya malaria visambazwe mambo yamekuwa bora kuliko miaka ile ya utafiti wa BMJ, nakiri. Lakini tulinunua kipimo kinachotuambia "siyo malaria", halafu hatukuandaa sentensi inayofuata. Sitaki mashine ya mabilioni kila zahanati. Nataka hospitali chache za rufaa zilizochaguliwa, ambazo kila mtoto anayetolewa maji ya uti wa mgongo, tone la akiba linawekwa kwenye friza na kupelekwa maabara ya taifa kupimwa virusi, hata kama jibu litachelewa. Jibu likichelewa halitamsaidia mtoto huyo, litamsaidia wa masika ijayo. Na kwenye fomu za takwimu, pale ambapo hatujui, paandikwe hatujui. Hilo halina gharama yoyote, ni kalamu tu.

Kwa mzazi ninayo maneno mawili. La kwanza ni swali: "Kipimo kimesema nini?" Uliza kwa adabu, lakini uliza, na ukijibiwa hakuna malaria, uliza tena "sasa ni nini?" La pili: mtoto mwenye homa akikakamaa shingo, akichukia mwanga, akipata degedege au akianza kuweweseka, hospitali usiku huohuo, na daktari akitaka kutoa maji ya mgongo, mruhusu. Mwambie bibi mapema, kabla ya siku ya shida, kwamba sindano ile haipoozeshi watoto. Sisi tulianza kumwelezea saa ileile, ikatugharimu saa nne.

Juzi nilikwenda kumwona mpwa wangu. Alikuwa uani, saa nne asubuhi, anacheza karibu na pipa. Nikachungulia ndani. Viluwiluwi vya mbu vinapiga mbizi mle, wanono, wenye afya. Nikamwambia dada tumwage. Akaniuliza: "Maji yanatoka lini tena?" Sikuwa na jibu. Tukatafuta kitambaa, tukayachuja, tukafunika pipa kwa kitenge na kukifunga kamba.

Yule binti akauliza tunafanya nini. Nikamwambia tunafukuza mbu. Akasema: "Mbu si wanakuja usiku?" Ndivyo alivyofundishwa shuleni, na ndivyo tulivyofundishwa wote.

Niishie hapa. Wauguzi na madaktari mnaosoma, najua mtakuja juu. Karibuni mnipige mawe, lakini mje na majibu ya vipimo mkononi.